Vifungo vya Masizi

Januari, kusini mwa Poland,
theluji huanguka nyeupe alfajiri
na ikifika saa nne imeshakuwa rangi ya jivu.
Mtaa wetu wa Stara Cegielnia hautazami juu:
kila paa lina dohani, kila dohani ina siri.

Niliwagawia kadi ishirini na tatu,
kila moja nimeipaka vaselini kwa kidole,
utando mwembamba, kama siagi ya kukopa.
"Ining'inizeni nje ya dirisha usiku mmoja tu,
Jumanne kuamkia Jumatano. Msiiguse. Msiipulize."
Ksawery akauliza, "Ina maksi?"
Nikasema haina. Nusu ya darasa ikanywea.

Walirudi nazo ndani ya maboksi ya viatu,
wamezibeba kama mayai.
Tukachora mraba wa sentimita moja,
tukainamia lenzi, tukahesabu chembe
kwa ncha ya sindano, moja, mbili, kumi na tatu,
"Mwalimu, hizi zimegandana. Ni moja au mbili?"
Swali hilo lilikula dakika arobaini.
Tukapiga kura. Zikawa mbili.
Nilifurahi kuliko siku ya mshahara.

Kisha mkebe wa vifungo wa marehemu mama:
vya makoti, vya mashati, vya sare za reli.
Kifungo kimoja kwa chembe tano,
uzi mmoja kwa dirisha moja,
na nyuzi zote zikaning'inia kwenye waya
zikifuata nyumba zilivyojipanga, toka mtoni hadi stesheni.

Uzi wa Ksawery ulitoka na vifungo viwili.
Bogna, wanayetenganishwa na ukuta mmoja, alikuwa na kumi na tisa.
Hakuna aliyesema neno.
Yeye mwenyewe aliutazama mkono wa sweta lake,
doa jeusi, linang'aa mafuta.
"Niliipangusa," akasema. "Sisi si wachafu."
Hatukuutoa uzi wake. Tuliufunga utepe mwekundu,
maana yake: hapa pana jambo, soma polepole.

Wit haoni tangu kuzaliwa.
Grafu za kitabuni humfikia kama umbea,
zimeshapita midomo ya watu.
Sasa alitembea kando ya waya, kiganja wazi,
vifungo vikigongana kama meno ya mwenye baridi.
Akapita mtoni, akapita kanisani,
akasimama.
Mkono ukashuka, ukazidi kushuka,
mpaka akapiga magoti. Uzi uligusa sakafu.
"Hapa anakaa nani?"

Jagna. Jagna na babu yake.
"Tuukate," alisema. "Au tutoe wastani.
Kwenye wastani hataonekana."
Ana miaka kumi na miwili, na tayari anajua
kazi ambayo wakubwa hulipwa kuifanya.
Nilikuwa na methali ya moshi na moto ulimini.
Nikaimeza. Mtoto analala chini ya dohani hiyo.

Ijumaa akaja babu mwenyewe, mzee Alojzy,
miaka thelathini mgodini, kofia mkononi.
Aliushika uzi wake, akauhesabu kwa midomo, bila sauti.
"Jumanne," akasema.
"Jumanne nilichoma kabati la Hildegarda.
Vanishi tupu, lilinuka hadi barabarani, najua.
Kuliuza sikuweza.
Kulifungua kila asubuhi, sikuweza pia."

Treni ya makaa ikapita nje, nyuzi zikatikisika.
Jagna akachana karatasi, akaandika neno moja, *kabati*,
akalifunga mwisho wa uzi kwa fundo la kamba ya kiatu.
Kifungo hakikupungua hata kimoja.

Mzee akavaa kofia, akaivua tena.
"Nipeni kadi nyingine. Ya usiku nisiochoma kabati."
Kadi zilikuwepo nne. Vaselini imekwisha.
Bogna akasema kwao ipo,
akatoka mbio bila koti.